Ubudha, meditesheni na sayansi: kipi kimepimwa, kipi ni imani, na kipi ni stori tu

Mada ya meditesheni ikiibuka tu mtandaoni, ndani ya nusu saa watu wameshagawanyika. Wapo wanaosema ukikaa kimya ukafumba macho unawakaribisha majini, wengine wanasema mapepo, inategemea na dhehebu la mchangiaji. Wapo wa jicho la tatu, hawa wanaahidi utaona yajayo na utavuta hela, na mara nyingi mwisho wa maelezo kuna namba ya kutuma malipo. Alafu kuna kundi jipya la wasomi, wanatuma picha ya ubongo yenye madoa mekundu na maneno "sayansi imethibitisha", ukiuliza imethibitisha nini hasa hupewi jibu.

Nikiwasoma wote naona shida ni ile ile, vitu vitatu vimefungwa kwenye furushi moja. Kuna maelezo ya Budha kuhusu akili ya binadamu inavyofanya kazi. Kuna zoezi lenyewe la kukaa na kuangalia pumzi. Na kuna dini kamili, yenye watawa, mahekalu, karma, kuzaliwa tena, na hata mbingu na jehanamu zake. Msimamo wangu nautoa mapema ili usije kusema nimekuzungusha: hilo la kwanza sayansi ya leo inakubaliana nalo kwa kiasi ambacho kinashangaza, la pili inalikubali nusu nusu, la tatu haijaligusa na wala haina kifaa cha kuligusa.

Tuanze na mwenyewe. Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, leo ni Nepal, kwenye familia ya watawala wa ukoo wa Sakya, na wanahistoria wengi wanamweka kwenye karne ya 5 kabla ya Kristo. Budha ni cheo alichopewa baadaye, kama tunavyosema Mtume au Mwalimu. Masimulizi yanasema akiwa na miaka 29 aliacha mke na mtoto mchanga akaingia porini kutafuta jibu la kwa nini watu wanateseka, akajaribu kujinyima chakula mpaka akabaki mifupa, akaona haimsaidii kitu, mwisho akaenda kukaa chini ya mti pale Bodh Gaya, jimbo la Bihar nchini India, na hapo ndo anaaminika alipata alichokuwa anakitafuta. Akafundisha miaka 45, akafa mzee wa miaka 80. Hakudai kuwa Mungu. Na yule babu mwenye kitambi anayecheka unayemuona kwenye migahawa ya Kichina sio yeye, yule anaitwa Budai, mtawa wa China wa karne ya 10 ambaye watu walimgeuza alama ya neema.

Hotuba yake ya kwanza aliitoa Sarnath, karibu na Varanasi, na ilikuwa na hoja nne. Maisha yana dukkha, yaani kutoridhika kusikoisha, hata mambo yakiwa mazuri kuna kitu bado kinakwaruza. Chanzo chake ni kiu, ile hali ya kutaka na kung'ang'ania. Kiu hiyo inaweza kuisha. Na ipo njia ya kufika huko, njia ya vipengele vinane, ambavyo ndani yake kuna kusema kweli, kufanya kazi isiyodhuru wengine, na umakini wa akili. Kwa hiyo meditesheni ni sehemu tu ya njia, sio njia nzima, hili watu wengi hawalijui.

Mtu akisikia hoja ya kwanza haraka anasema hii ni dini ya waliokata tamaa. Subiri kidogo.

Kuna tawi la sayansi linaitwa saikolojia ya mageuko. Linauliza hivi: kama jicho na figo vilichongwa taratibu na mchujo wa asili, kwa nini woga, wivu na tamaa visiwe vimechongwa hivyo hivyo? Hoja ya Darwin ya mwaka 1859 ukiivua mapambo ni kwamba kiumbe aliyefanikiwa kuacha uzao mwingi ndiye anayerithisha tabia zake, basi. Najua wapo wasiokubali mageuko kabisa kwa sababu za imani, sawa, wewe soma kama unavyosoma hoja za mtu mwingine, Budha mwenyewe hakumjua Darwin na hoja yake inasimama kwa miguu yake.

Na sehemu kubwa ya uchongaji huo inaonekana ilifanyika huku huku kwetu. Nyayo za Laetoli, kusini mwa Olduvai, zina miaka milioni 3.6 hivi. Yule kijana wa Turkana ambaye mifupa yake ilianza kuonwa na Mkenya Kamoya Kimeu mwaka 1984 ana miaka milioni moja na nusu. Binadamu wa aina yetu ana kama miaka laki tatu, na kilimo kina elfu kumi na ushee tu. Maana yake ubongo unaoutumia kusoma hapa ulishatengenezwa zamani, kwa maisha ya vikundi vidogo vya watu wanaowinda, wanaochimba mizizi na wanaojuana wote kwa majina.

Sasa fanya wewe ndo mbunifu. Unatengeneza mnyama ambaye lengo lake pekee ni kueneza jeni zake, furaha yake haikuhusu. Utamwekea raha kwenye chakula, kwenye tendo la ndoa, kwenye kuheshimiwa na wenzake. Raha hiyo idumu muda gani? Ukifikiria vizuri utaona lazima iishe haraka, maana babu ambaye alikula mnofu mmoja akaridhika mwezi mzima alikaa chini ya mbuyu mpaka njaa ikamuua, hakuacha mtoto. Alafu utahakikisha mnyama wako anaiwaza sana raha inayokuja na anasahau jinsi ile ya jana ilivyoyeyuka, kwa sababu akikumbuka sana atasema ya nini kuhangaika. Ukimaliza kazi una kiumbe asiyetulia, anayeamini kila mara kwamba kitu kimoja tu kikipatikana atatulia. Simu mpya, kiwanja, cheo, mchumba. Anakipata, siku mbili tatu anatabasamu, alafu macho yanaanza kutafuta kingine. Hiyo ndo hoja ya kwanza na ya pili ya pale Sarnath, imeandikwa upya na watu ambao hawakuwa na nia yoyote ya kumtetea Budha.

Kuna majaribio yanayoonyesha hili ndani ya ubongo kabisa. Miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alikuwa anapima seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, kwenye ubongo wa nyani. Nyani akipewa tone la juisi ghafla, seli zinachangamka. Akishazoea kwamba kabla ya juisi kuna alama, mfano taa inawaka, seli zinahamia kuchangamka kwenye taa, juisi yenyewe ikija kimya. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, zinashuka chini ya kawaida. Yaani ubongo unashangilia ahadi kuliko kitu chenyewe! Ukielewa hapo umeelewa kwa nini mlio wa notifikesheni una nguvu kuliko meseji iliyomo ndani, na kwa nini mtu wa mkeka ana furaha zaidi Jumamosi mchana kabla mechi hazijaanza kuliko Jumapili hata kama kala laki. Kampuni za kubeti hazikusoma maandiko ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, ila zimefika kwenye ujuzi ule ule wa kiu kwa njia nyingine, wakaamua kuufanyia biashara.

Utamu nao hivyo hivyo. Kwenye mazingira ya zamani asali ilikuwa dhahabu, mpaka leo Wahadza kule Ziwa Eyasi wanamfuata ndege anayewaongoza mpaka kwenye mzinga, wanapanda mbuyu, wanaungua na kuumwa na nyuki kwa ajili yake. Hamu ya sukari kwenye hali hiyo ni akili nzuri tu. Shida ni kwamba hamu ile ile sasa inakutana na soda ya baridi kila kioski, na hakuna nyuki wa kukuzuia.

Upande wa woga ndo kuna maelezo ambayo mimi binafsi nayapenda zaidi. Chukua mbwa wa getini. Mbwa anayebweka kila jani likianguka anakukosesha usingizi. Mbwa anayesubiri mpaka awe na uhakika kwamba huyu ni mwizi, siku moja utaamka TV haipo. Kwa hiyo ukipewa kuchagua utachagua anayekosea kwa kubweka, kwa sababu kosa lake ni la bei rahisi. Daktari wa Marekani, Randolph Nesse, ndo ameieleza sana hoja hii kwenye hofu za binadamu: babu aliyeruka pembeni kwa sababu nyasi zimetikisika, mara tisini na tisa ulikuwa upepo, mara moja ilikuwa nyoka, na sisi ni wajukuu wa huyo mwoga. Yule mtulivu aliyesema "ah, upepo tu bana" hana wajukuu. Matokeo yake leo bosi anakuandikia "naomba uje ofisini kwangu" bila maelezo, moyo unaenda mbio, unaanza kupanga utarudi vipi kijijini, kumbe anataka umsaidie kuprinti. Mbwa amebweka. Hajakudanganya kwa ubaya, amefanya kazi aliyoajiriwa.

Basi kwa picha hiyo hiyo meditesheni sio kumuua mbwa. Hata ukitaka huwezi, na siku ya nyoka wa kweli utamhitaji. Zoezi ni kukaa karibu naye muda wa kutosha mpaka unaijua sauti yake, ili akianza kelele saa nane usiku usitoke na panga kila mara.

Sehemu ngumu zaidi ni ile ya nafsi. Budha alisema hakuna "mimi" wa kudumu ndani, anayekaa kwenye kiti cha enzi akitoa amri, na hapa ndo wengi wanamwona kachanganyikiwa. Lakini angalia hoja yake ilivyo ya kawaida. Kwenye mafundisho yanayohesabiwa kama hotuba ya pili alisema, kama mwili huu ungekuwa mimi kweli, ningeweza kuuamuru uwe hivi na usiwe vile, na hisia na mawazo nayo hivyo hivyo. Jaribu leo kujiamuru usione wivu, au ujiamuru usingizi uje, au umwambie kichwa asubuhi aache kuimba ule wimbo wa daladala. Amri haifiki. Sasa huyo bosi yuko wapi?

Miaka ya 1970 Michael Gazzaniga na wenzake walikuwa wanawachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja linalounganisha ubongo wa kushoto na wa kulia. Mmoja alionyeshwa picha mbili kwa mpigo, ubongo wa kushoto ukaona mguu wa kuku, wa kulia ukaona theluji nyumbani. Akaambiwa achague picha zinazoendana, mkono wa kulia, unaoongozwa na ubongo wa kushoto, ukachagua kuku, wa kushoto, unaoongozwa na ubongo wa kulia, ukachagua koleo, maana koleo ni la kusafishia theluji. Akaulizwa kwa nini koleo? Ubongo wa kushoto ndo unaoongea, na haukuona theluji yoyote, ilibidi useme sijui. Haukusema hivyo. Ulijibu bila kusita kwamba koleo ni la kusafishia banda la kuku. Yaani kuna msemaji ndani yetu anayetunga sababu baada ya tendo, anaziamini mwenyewe, na anatangaza kwamba mimi ndo niliyeamua. Wanasaikolojia wengi siku hizi wanaiona akili kama mkusanyiko wa mifumo mingi inayosukumana, bila mwenyekiti mmoja. Hilo halithibitishi kwamba hakuna roho, naomba tusirukie huko, roho ni suala la imani na hakuna mashine ya kuipima. Linachoonyesha ni kwamba yule "mimi" tunayemsikia akijieleza kichwani sio shahidi wa kuaminika kama tulivyodhani.

Sasa zoezi lenyewe, maana watu wanaliogopa bila kujua likoje. Unakaa, kwenye kiti pia sawa, mgongo umenyooka. Unasikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Baada ya sekunde chache akili inatoroka, inaenda kwenye deni la Vikoba, ex, mechi. Ukigundua imetoroka unairudisha bila kujitukana. Basi, ndo hilo. Kule kurudi ndo zoezi, kwa hiyo anayesema "mimi siwezi, mawazo yanakuja mengi" amekosea kuelewa, mawazo yakija mengi una kazi nyingi ya kufanya, huo ndo mtaji. Hakuna anayetakiwa kuacha akili tupu. Aina ya kwanza ya zoezi, samatha, inalenga utulivu wa kubaki kwenye kitu kimoja. Ya pili, vipassana, inaangalia hisia na mawazo yanavyozaliwa na kufa. Ipo na metta, ya kuwatakia wengine heri, mpaka yule jirani mwenye spika.

Kuhusu kutoroka kwa akili kuna kazi maarufu. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walielezea mtandao wa sehemu za ubongo unaofanya kazi zaidi pale mtu akiwa hana shughuli, na baadaye ikaonekana unahusika sana na kujifikiria, kuwaza jana na kesho. Mwaka 2010 Killingsworth na Gilbert wa Harvard walitumia programu ya simu kuwauliza watu 2,250 kwa kushtukiza: unafanya nini, unawaza nini, una furaha kiasi gani? Karibu asilimia 47 ya majibu watu walikuwa wanawaza kitu kingine tofauti na wanachofanya, na kwa wastani furaha yao ilikuwa pungufu wakati huo. Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake wakaona kwamba kwa watu waliofanya meditesheni miaka mingi sehemu kuu za ule mtandao zinapoa wakiwa kwenye zoezi. Inaendana vizuri, ingawa "inaendana" na "imethibitishwa" ni vitu viwili.

Kwenye maumivu ndo napaona patamu. Kuna maandiko ya Kipali yanasema mtu akiumia mwili ni kama kapigwa mshale, alafu akianza kulalamika na kuogopa anajichoma mshale wa pili. Mwaka 2011 Fadel Zeidan na wenzake waliwafundisha watu meditesheni kwa siku nne tu, wakawawekea kifaa cha moto mguuni wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Ukali wa maumivu ulishuka kwa asilimia 40, lakini kero ya maumivu, jinsi yanavyokusumbua, ilishuka zaidi, asilimia 57. Mshale wa pili ndo uliopungua zaidi! Ila hapo hapo nikukumbushe, washiriki walikuwa 15, idadi ambayo haijai hata Hiace.

Ndo maana inabidi tuangalie tafiti kubwa. Mwaka 2014 timu ya Johns Hopkins ilikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515 na kuyapima kwa pamoja. Walikuta meditesheni inasaidia wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiwango cha kawaida, kidogo hadi wastani. Na ilipolinganishwa na tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili haikuonekana kuwa bora zaidi. Mwaka 2015 Uingereza walifuatilia wagonjwa 424 ambao sonona ilikuwa inawarudia rudia, nusu wakaendelea na dawa, nusu wakafundishwa meditesheni iliyochanganywa na tiba ya mazungumzo huku wakisaidiwa kupunguza dawa au kuacha, baada ya miaka miwili waliorudiwa na ugonjwa walikaribiana, asilimia 47 na 44. Ni matokeo mazuri, lakini soma vizuri, ilikuwa chini ya wataalamu. Mtu asije akatupa vidonge vyake chooni kwa sababu ya makala.

Upande wa pili kuna mambo ambayo hayatumwi kwenye magrupu. Ile habari kwamba wiki nane zinakuza ubongo ilitokana na tafiti ndogo, na mwaka 2022 watafiti wa Wisconsin, ambao ni marafiki wakubwa wa meditesheni kwa miaka mingi, walirudia kwa watu zaidi ya 200 hawakuona badiliko lolote la umbo la ubongo. Mwaka huo huo Uingereza yakatoka matokeo ya mradi wa shule zipatazo 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000, watoto waliofundishwa meditesheni darasani hawakuwa na hali bora ya akili kuliko waliopata masomo yao ya kawaida ya maadili na hisia. Na madhara yapo. Willoughby Britton na Jared Lindahl wa chuo kikuu cha Brown walichapisha mwaka 2017 mahojiano na Wabudha wa nchi za Magharibi waliopata shida kwenye zoezi: hofu kali, kukosa usingizi, kujihisi kama hawapo, kumbukumbu mbaya za zamani kufumuka. Dakika kumi kwa siku nyumbani ni tofauti na kujifungia kimya siku kumi ukikaa saa kumi kwa siku, na mtu mwenye historia ya kuchanganyikiwa au kiwewe kizito aongee na daktari kwanza. Nadhani baadhi ya wanaoona hayo ndo wanasema ni majini, siwacheki, mtu akishindwa kulala siku nne atatafuta jina la kinachomsumbua.

Kuna dhana nyingine inahitaji kuvunjwa, kwamba kila Mbudha anafanya meditesheni tangu enzi na enzi. Ukweli ni kwamba kwa karne nyingi Wabudha wa kawaida walikuwa wanatoa sadaka ya chakula kwa watawa, wanashika amri, wanachoma ubani, wanaombea marehemu, wanalima. Kukaa na pumzi ilikuwa kazi ya watawa, tena sio wote. Meditesheni ya raia ni jambo la karibuni na ina uhusiano na ukoloni. Mwaka 1885, mwaka ule ule ambao Bismarck anaipa kampuni ya Carl Peters hati ya kuitawala nchi yetu, Waingereza waliiteka Mandalay wakamwondoa mfalme Thibaw wa Burma wakampeleka uhamishoni India. Mfalme ndiye alikuwa mlinzi wa dini. Watawa wakaona dini itakufa, na mmoja wao, Ledi Sayadaw, akaanza kuwafundisha wakulima na wafanyabiashara elimu ya ndani na zoezi lenyewe ili kila mtu awe mlinzi. Mnyororo ukaendelea mpaka kwa U Ba Khin, ambaye alikuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma baada ya uhuru, na mwanafunzi wake Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyekwenda kwake akitafuta nafuu ya kipandauso. Goenka ndo aliyesambaza duniani yale mafunzo ya siku kumi ya kukaa kimya, ambayo hayana ada, yanaendeshwa kwa michango ya waliomaliza. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn akachukua mazoezi ya aina hiyo, akayavua dini, akayaingiza hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts kama kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Hicho unachokiona leo kwenye programu za simu kimetoka hapo, ni kijukuu cha mapambano ya Waburma dhidi ya mkoloni, alafu kimepitia hospitalini.

Je ni dhambi? Mimi sio sheikh wala padri, hukumu sitoi. Naweza kusema tu kwamba mwaka 1989 Vatican ilitoa barua kwa maaskofu kuhusu hili, ikaonya juu ya kuchanganya mambo, lakini haikukataa kila kitu kutoka Mashariki, ilisema cha kufaa kinaweza kuchukuliwa mradi sala ya Kikristo isipoteze maana yake. Waislamu wa tariqa nao wana muraqaba, yaani kutafakari kimya, na dhikri, na wanabishana wenyewe kwa wenyewe mipaka iko wapi. Kwa anayetaka kuwaona Wabudha wenyewe badala ya kusimuliwa, Upanga pale Dar kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka enzi za Mwingereza, na karibu na Entebbe kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Buddharakkhita. Na usije ukadhani ukikutana nao umekutana na malaika, nchini Myanmar kuna watawa waliohubiri chuki wazi wazi dhidi ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, kanzu ya zafarani haimzuii mtu kitu.

Hata hizo hoja za mageuko nazo zisimezwe nzima. Wakosoaji wake, akiwemo mwanabaiolojia Stephen Jay Gould, walilalamika kwamba ni rahisi kukaa ofisini ukatunga hadithi ya kwa nini babu alihitaji wivu, na kuipima ni kazi. Wana hoja. Laetoli zimebaki nyayo, woga wa aliyezikanyaga haukuacha alama kwenye majivu. Yale ya nyani na dopamini yamepimwa maabara, ya vikundi vya zamani mengi ni makisio yenye akili.

Na kuna sehemu ambapo Budha na mageuko wanaachana kabisa. Mchujo wa asili unaeleza kwa nini kiu ipo, hauna popote panaposema inaweza kuisha. Budha anadai inaisha, yote, na mtu anabaki mzima. Hiyo ndo nirvana, na hakuna utafiti hata mmoja uliowahi kuipima, hata ukiweka watawa mia kwenye mashine unachopima ni ubongo uliotulia, sio kiu iliyokwisha. Tena njia aliyowapa waliotaka kwenda mbali zaidi ni utawa, hakuna ndoa, hakuna watoto, yaani kugoma moja kwa moja ile kazi ambayo ubongo ulitengenezewa. Mwanae wa pekee, Rahula, masimulizi yanasema alimfuata baba yake akiwa na miaka saba akaomba urithi, akanyolewa nywele akaingizwa utawani. Babu yake, baba wa Siddhartha, aliumia sana, akadai kuanzia siku hiyo mtoto asiingizwe utawa bila ruhusa ya wazazi, na Budha akakubali, kanuni hiyo ipo mpaka leo.